Kimondo na Mbegu Zangu

Jumanne, usiku

Eti kile kimondo ni hasira ya marehemu mume wangu!

Kilipita kikiwaka, ziwa likawa jeupe kama mchana. Hata sijafunga kuku, shemeji huyo mlangoni: "Umeona kaka alivyokasirika? Mjane asiyerithiwa hapandi. Ukipanda kabla sijakurithi uwe mke wangu, chira, laana ya kuvunja mwiko, itakupata wewe na mtoto."

Lakini kimondo kilionekana kisiwa kizima cha Rusinga, mpaka Mbita ng'ambo. Kwani sisi wote ni wajane?

Naogopa, sitajidanganya. Mtoto akikohoa tu, watasema ni mimi.

Ila mvua imenyesha na mbegu ninazo. Kesho napanda. Kama mume wangu amekasirika, aje aniambie mwenyewe. Alipokuwa hai, hakuwahi kumtuma kaka yake.