Mtihani wa Kabichi Uliouacha, Papa

Papa wangu mpenzi,

Nimeolewa! Naanza na hilo kwa sababu siwezi kulizuia. Tangu siku ya harusi namwambia kila mtu, hata wale waliokuwa wamekaa benchi la mbele kanisani. Anaitwa Faustin. Ni fundi umeme, ana mikono mirefu na haya nyingi, na akiimba anakosea maneno yote lakini sauti haikosei. Ameenda kazini, nami nimekaa mlangoni mwa kijumba chetu cha kupanga hapa Katindo, Goma, nakuandikia wewe kabla sijafanya kazi yoyote.

Unakumbuka ulivyosema juu ya mwanaume atakayenioa? Ulikuwa unafunga kabichi kwenye baiskeli yako mbele ya nyumba yetu Kibumba, mimi nakushikia kamba.

"Aje tu," ulisema. "Sitamuuliza diplome. Nitamupa velo moja ya kabichi, tushuke naye Goma, halafu tupande naye. Kwa kupanda njo nitamujua."

"Utajua nini, Papa?"

"Vuta kamba, mama. Inalegea."

Jibu lako lilikuwa hilo tu, na ugonjwa ukakuchukua kabla sijakuuliza tena. Faustin alipokuja kujitambulisha, baba wadogo walimpokea vizuri, wakazungumza mahari, soda zikanywewa. Hakuna aliyemfungia kabichi. Nilikaa pale na kitenge kipya nikijiuliza: Papa angemtazama wapi? Nilikuwa nampenda, Papa, nampenda mpaka chakula kilinishinda, lakini nilimpendea kwenye simu. Wakati wote wa uchumba yeye alikuwa na kazi Bukavu kwao, mimi niko Goma. Nilijua sauti yake asubuhi na sauti yake jioni. Sikujua anakuwa mtu gani akichoka.

Kwa hiyo ilipofika zamu ya kwenda Bukavu kumsalimia mama mkwe, nilimwambia tusipande boti. Twende na baiskeli. Tuvuke Gisenyi, tukodi baiskeli huko, tufuate milima ya upande wa Rwanda, ziwa likiwa chini yetu siku zote, mpaka Kamembe, halafu tuvukie Bukavu.

Alinitazama kana kwamba nimemwambia twende kwa miguu mpaka Roma. "Sheri wangu, watu wanaenda fungate na taksi."

"Hao watu si miye."

"Sawa," akacheka. "Tukufe wote pamoja, harusi ingali mupya."

Sikumwambia kwamba nampima.

Laiti ungeiona njia ile! Asubuhi ukungu unalala kwenye mashamba ya chai kama shuka ambayo bado haijatandikwa vizuri, na ukipita chini ya mikaratusi harufu inakuamsha mara ya pili. Watoto walikuwa wakisikia baiskeli wanakimbia barabarani wakipiga kelele, "Muzungu! Muzungu!" Wakituona sura wanavunjika moyo kabisa, na Faustin anawaomba msamaha mmoja mmoja. Jioni tulilala kwenye nyumba za wageni za parokia, tukifua nguo na kuanika soksi dirishani, na mume wangu ananimwagia maji ya vuguvugu miguuni bila kuombwa. Moyo ulikuwa unanijaa, Papa. Hata hivyo kila tulipopanda nilikuwa namchungulia. Nilikuwa natafuta kile ulichotaka kukijua, na sikujua kinafananaje.

Njia yako ya kupanda naikumbuka. Wewe na mwenzako mkirudi kutoka Goma na chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia, mkifika pale barabara inapokuwa kali mnalaza baiskeli moja pembeni. Mnasukuma ile nyingine wawili mpaka juu. Halafu mnashuka kwa miguu, mnachukua ya pili, mnasukuma tena wawili. Kila mlima mliupanda mara mbili. Nilikuuliza kwa nini kila mtu asisukume yake, ukasema, "Peke yangu ninafika nimekasirika."

Siku ya pili mvua ilinyesha, na mbele yetu ukasimama mlima wa udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Nikasema moyoni: ni hapa. Nikanyamaza nione atafanya nini. Faustin aliutazama mlima, akanitazama mimi, akabeba baiskeli yake begani, akapanda. Akapotea kwenye kona.

Nilibaki nimesimama na baiskeli yangu, matope mpaka magotini. Basi, nikawaza, huyu ni mtu wa kutangulia. Nimeolewa na mgongo. Mama mmoja aliyekuwa analima viazi pale juu ya njia aliniuliza kwa Kinyarwanda kama yule ni bwana wangu.

"Njo yeye," nikamjibu.

"Na anakukimbia mapema hivi?" Alicheka mpaka akaegemea jembe.

Sikucheka. Nilikuwa nahesabu tu siku zote za maisha zilizobaki.

Ndipo nikamwona anashuka peku, viatu amevitundika shingoni kwa kamba. Akashika usukani wa baiskeli yangu.

"Usiiguse," nikamwambia. "Haisukumwi hivi."

"Inasukumwa namna gani?"

"Wawili kwa moja. Halafu wawili kwa ingine."

Akafikiri kidogo. "Lakini hapo wote tungepanda mara mbili. Hivi weye unapanda mara moja, miye mara mbili. Kosa liko wapi?"

Ee Papa! Alikuwa amenipunguzia mlima mzima, na mimi nilikuwa nimeshamzika.

"Kosa ni kunyamaza!" nikapiga kelele. "Nilizani umeniacha!"

"Ulikuwa umenuna. Niliona nikifungua kinywa utanimeza."

Tukasukuma wawili, na katikati ya matope nikamwambia yote: kabichi zako, baiskeli, mtihani. Akaacha kusukuma ghafla, nusura baiskeli iturudie.

"Kumbe niko kwenye mutihani? Tangu Gisenyi?"

"Tangu Gisenyi."

"Na weye," akasema taratibu, "nani anakupima?"

Hakutania. Siku ile hakuimba tena, na nilisikia ubaridi ambao mvua haikuuleta. Niliogopa kwamba katika kutaka kumjua nimemfanya asitake kujulikana.

Kesho yake njia ilianza kushuka, mteremko mrefu mpaka karibu na ziwa. Wewe ulinifundisha kushuka, Papa, na mimi nikishuka nasahau jina langu. Niliachia breki, upepo ukajaa kwenye koti, kona, kona nyingine, mpaka kwenye daraja dogo la miti. Nikageuka nimwonyeshe meno yangu yote. Njia ilikuwa tupu.

Nilisubiri. Nikachoka kusubiri, nikaanza kuogopa, nikaanza kupanda kwa miguu nimtafute. Nikamkuta kwenye kona anateremka kwa miguu, amekamata breki zote mbili, anaivuta baiskeli kama mbuzi anayekataa kwenda sokoni. Jasho linamtiririka.

"Ulinisubiri?" akauliza.

"Mpaka nikaogopa."

"Miye ninaogopa miteremko," akasema, akitazama tairi. "Tangu utoto. Nilisikia haya kukuambia, juu nimeoa mutoto wa Kibumba, mutoto wa milima."

Tukatazamana, wote wachafu, wote tulionyamaza. Nikaanza kucheka mimi kwanza, yeye akafuata, na nilimbusu pale pale barabarani, wapita njia wapite!

Kuanzia hapo, kwenye kupanda kila mmoja alisema anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Kwenye kushuka nilitangulia polepole, naye akatazama gurudumu langu la nyuma tu. Na unajua? Mteremko ukishukwa polepole una vitu! Kuna ndege wa buluu wanaokaa juu ya maji, kuna visiwa vinavyojificha nyuma ya visiwa, kuna akina mama wanaoanika samaki wadogo kwenye nyavu. Je, wewe uliviona vya kwako, au kabichi zilikuonyesha mawe tu?

Tulipofika Bukavu, mama mkwe alitupokea mlangoni, akanikagua kuanzia viatu. "Bibi harusi njo huyu? Faustin, umemutoa shamba gani?"

"Mama, yeye njo amenileta," akasema.

Tumerudi sasa, na bado nina maswali. Ungemtazama nini, Papa? Kama anasubiri? Kama anaomba msaada? Au ulitaka tu safari moja zaidi na mimi kabla hujanitoa?

Leo asubuhi Faustin aliweka kikombe chini. "Sasa niambie," akasema, "muzee angenipokea?"

Nilijua anauliza kweli. Nikamwambia, "Papa hayuko. Miye ninakupokea."

Alichukua birika akanimiminia chai, akamimina na kumimina mpaka ikafurika sahani na kumwagika mezani, na hakuna kati yetu aliyeinuka kutafuta kitambaa.

Nimemjibu bila wewe, Papa. Ulale salama, na umpende.

Mtoto wako wa kwanza, sasa bibi wa Faustin