Mlinganyo Mmoja Niliomwambia Aushike

Nyumba za wafanyakazi, mlango wa saba,
Nyuma ya hospitali.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Dada yako nakusalimu. Hujambo? Kifua kimeachia, au bado unakohoa usiku? Nilikuambia ujifunike, ila wewe kuambiwa hujapenda tangu utotoni. Wifi yangu hajambo? Simu yako haipatikani wiki ya tatu sasa, ndiyo maana nimeshika kalamu. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Mgongo wangu ni uleule, tumeshazoeana.

Mpwa wako Chiriku ameanguka tena mtihani wa fizikia pale chuoni anakosomea kupiga picha za eksirei. Ni mara ya pili. Amepata thelathini na nane, nao wanataka arobaini. Imebaki nafasi moja tu. Asipojaza fomu ya kurudia kabla ya tarehe thelathini, wanamfuta.

Sikuandikii kumshtaki. Aliyemwangusha ni mimi.

Ilikuwa hivi. Wiki moja kabla ya mtihani alikuwa jikoni na daftari lake, mimi napiga pasi. Alikuwa na milinganyo miwili ya kutafuta nishati ya fotoni, ile punje ya mwanga, wewe unaijua kuliko mimi. Akaniuliza kama mtu anayeongea na ukuta, "Mama, sasa hapa natumia huu au huu?" Nilikuwa nimechoka, miguu inawaka moto. Nikamwambia, "Mwanangu, mshika mbili moja humponyoka. Shika mmoja, ushike barabara." Akacheka, akasema, "Haya, profesa."

Akachagua ule mfupi, akauandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati: h, ile namba yao isiyobadilika, mara idadi ya mitetemo kwa sekunde. Wiki nzima akawa anausema akiosha vyombo, akichana nywele, akifunga viatu. Nami nikajiona mama mwenye akili.

Siku ya mtihani, maswali ya fotoni hayakutaja mitetemo hata kidogo. Yalitoa urefu wa wimbi. Mwenzio akauchukua ule urefu, akautia mahali pa mitetemo, akazidisha. Yote manne.

Alhamisi niliomba ruhusa kwa msimamizi wetu wa chumba cha kufulia, nikaenda chuoni. Mwalimu wake, mwanamke mtu mzima mwenye miwani mizito, akanifungulia karatasi. Akasema, "Mama, huyu hesabu anazijua. Alichokosa ni kutazama amepewa nini." Akanichorea mawimbi mawili. Ukipewa mitetemo, zidisha kwa h, basi. Ukipewa urefu wa wimbi, chukua h, zidisha kwa kasi ya mwanga, kisha gawanya kwa ule urefu. Kwa hiyo wimbi likiwa fupi, nishati ndiyo kubwa. Chiriku alipozidisha, lile refu ndilo likatoka na nguvu.

Mdogo wangu, nimeelewa. Mimi niliyeishia darasa la nne nimeelewa kwa dakika kumi. Nikamwambia mwalimu, kama kafupi ndiko kenye nguvu, basi hiyo fotoni ni marehemu mama yetu. Tukacheka wote wawili.

Halafu nikataka kukiri kwamba kosa ni langu. Kabla sijafungua mdomo, mwalimu akasema alishamwuliza Chiriku kwa nini mlinganyo wa pili haumo kwenye karatasi hata mara moja, naye akajibu ameusahau tu. Hakunitaja. Aibu ikanishika. Nikachukua fomu, nikaaga.

Fomu iko mezani tangu Alhamisi, hajaigusa. Nimemwomba radhi. Akasema, "Acha, mama. Si wewe uliyekaa kwenye kile kiti." Akachukua kitambaa, akafuta ile chaki kwenye kabati. Yule ambaye hata chai ikiwa mdomoni alikuwa anaongea, leo ananijibu neno mojamoja, tena kwa upole. Afadhali angenigombeza.

Nakuomba, mwandikie wewe. Usinijibu mimi, mwandikie yeye, jina lake juu ya bahasha. Mweleze kama unavyowaeleza wanafunzi wako, kwamba kwanza unatazama ulichopewa, ndipo unachagua. Kwako atasikia. Mimi naogopa kumwambia lolote, methali zangu nimezifungia sandukuni. Barua ile ya mwisho ilichukua siku kumi. Hii ikichukua kumi kuja huko na yako kumi kurudi, inabaki siku moja. Usiilaze hata usiku mmoja. Na ukipata simu ya kuazima, piga, hata kama ni alfajiri.

Kuna jambo jingine ambalo sijui nilisemeje. Ijumaa alinifuata kazini bila kuitwa, eti anisaidie. Kabla ya saa sita alikuwa amekunja mashuka ya wodi mbili, pembe kwa pembe, huoni kunyanzi. Wenzangu wakanipongeza, "Umezaa fundi." Msimamizi naye amempenda. Amesema nafasi ipo, kesho Jumatatu aje aanze. Nami nikasema asante, ningesema nini?

Sasa hivi ninapoandika, yuko chumbani anajaribu sare yangu ya zamani. Imemkaa sawasawa, hakuna pa kupunguza.

Msalimie wifi, umwambie dawa ya mgongo aliyonitumia imenifaa. Wabusu wanao, hasa yule mwenye pengo. Mungu akupe pumzi nzima, na akupe wepesi wa mkono uandike upesi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na ninayekungoja.