Glace yako imefika, Yaya

Yaya Régine, dada yangu mukubwa,

Glace yako imefika. Ikala kwanza, juu mimi mwenyewe minaandika nimeikala chini. Haikupasuka. Hata kona moya. Lakini kile tuliona leo ku lupango, mu uwanja ya nyumba yetu, Yaya, sijui kama nitaweza kukielezea.

Unajua vile tulikupokea. Ao hujui. Sanduku yako ilitoka Johannesburg, kule ulikuwa unasuka bantu nywele, ikakuja na ndege, imefungwa na zinki, na bantu ba kule balituandikia kama hakuna ruhusa ya kuifungula. Tulikuzika bila kuona sura. Asubuhi ulisema kichwa inakuuma, mangaribi balitupigia telefone kama haupo tena, kisha tukapewa sanduku yenye kufungwa. Mama aliuliza kila muntu mwenye alitoka ku ndege: "Mulimuona sura?" Hakuna mwenye alimuona. Basi Mama akakatala kuamini.

Hakulia, Yaya. Siku ya kilio alipikia bantu bukari ya unga sawa bageni ba kawaida. Bamama ba kanisa baliimba mpaka sauti ikabakauka, yeye anazunguka na sahani. Hakuvaa nguo ya kilio. Majirani bakimuuliza habari yako anabajibu, "Régine iko kazi." Siku ya Yenga, akitoka kanisa, anatia telefone yake pembeni ya sahani, anangojea upige. Alianza kukonda. Alianza kusema mwenyewe mu jikoni. Mi niliogopa sana. Nilisema mu moyo, tumemuzika moya, wa pili anatuponyoka tukimuangalia.

Mu siku zile njo balinipigia telefone kutoka depo: mizigo ya Régine imefika na kamyo.

Nilikuwa nimesahau hata kama iko njiani. Unakumbuka vile ulinisumbua na ile glace, kioo kubwa ya salon? Salon moya ya kule ilikuwa inafunga milango, ukainunua, ndefu kupita Papa. Ukanituma ku ile nyumba kidogo tulipanga juu ya salon yako kule Golf, mutaa ya batajiri, nipime mulango na kamba. Nikapima. Ukasema, "Pima tena. Weye unapimaka na macho." Nikapima tena, nikakukasirikia, kumbe mara ya kwanza nilikuwa nimekosea kweli. Ulitaka bamama ba ma-villa bajione toka kichwa mpaka viatu, ili siku moya balipe bila kulalamika. Ukaifunga mwenyewe na mbao. Juu ya mbao ukaandika na rangi nyekundu, na Kifaransa: GLACE. Ulisema bale ba njiani hawatasoma, lakini bantu ba kwetu batasoma, batajua namna ya kuishika.

Yaya, balisoma.

Nilifika ku depo nikazunguka kati ya bafrigo na viti za bafotei ya bantu. Glace haiko. Nikauliza mulinzi ya depo, baba moya munene, mutulivu, kofia ku kichwa. Akatabasamu. "Ile ya glace? Usiogope, mama. Haikuyeyuka."

Sikusikia maana. Akafungula mulango ya chambre froide, ile nyumba ya baridi kwenye banachunga samaki. Moshi nyeupe ikatoka. Na mule ndani, kati ya bakarto ya samaki ya thomson, glace yako imesimama na mbao yake, imeganda. Tangu siku ilitelemuka ku kamyo balikuwa banaichunga mule. Kwao glace ni barafu, juu Kifaransa inaita barafu na kioo jina moya. Nikamuambia, Papa, ni glace ya kujiangalia. Akaangalia maandiko, akaniangalia, akatosha kofia. "Ah. Glace ile."

Nilicheka, Yaya. Nilicheka mpaka nikalia, mbele ya samaki, na ule baba anashika kofia yake na mikono mbili anasema pole. Ungekuwa pale ungeshika tumbo.

Shofere akasema jua itaipasua kama inatoka mu baridi vile. Akaifunga na matela ya kulalia na mablanketi. Nikapanda nyuma, nikaikumbatia njia yote, na kila shimo ya barabara naita jina yako. Nilinuka thomson mpaka mu nywele.

Ku lupango Mama alikuwa ku mulango anachagula maharagi. Shofere na jirani moya bakaisimamisha ku kivuli ya ukuta, bakatosha mbao, mablanketi, yote. Kwanza tulijiona. Mama alijiangalia sawa muntu asiyejua ule ni nani. Kisha joto ya mwezi hii, unaijua, ikapiga ile baridi, na kioo yote ikakuwa nyeupe sawa kifuniko ya sufuria. Nikakamata kitambaa ili nipanguze.

Mama akasema, "Acha."

Mikono ilikuwa inatokea. Mikono mbili, wazi, vidole vimetanuka, juu kidogo. Na kati yao alama ya mviringo, ya paji ya uso. Mafuta ya nywele, Yaya, yale hayakuishaka ku mikono yako hata ukinawa na sabuni. Siku ulikuwa unaifunga uliegemea pale, hakuna mwenye alijua, na baridi ya samaki njo ilitokeza alama yako. Kidole kidogo ya kushoto kimepinda, vile ulikifungia ku mulango ya shule. Hakuna muntu mwingine mwenye kidole vile. Shofere akafanya alama ya musalaba akarudi nyuma mpaka ku gari. Nitakuambia kweli, niliwaza uko mule ndani.

Mama akaacha maharagi imwangike chini. Akatembea mpaka pale, akatia mikono yake juu ya yako, kidole juu ya kidole. Akatia paji yake juu ya yako. Akabaki vile, hata sikuona kama anapumua.

Akasema polepole, "Alikuwa amechoka, mutoto yangu. Aliegemea."

Kisha akasema, "Régine amekufa."

Na kilio ikatoka. Ile tulingojea siku zote zile ilitoka na nguvu, mpaka majirani bakakimbia, bamoya na mikono ya unga, banauliza nani amekufa. Nikabaambia, Yaya Régine. Bakaniangalia vibaya. Bakasema, ule si mulikwisha kumuzika?

Nikabajibu, amekufa leo.

Wakati Mama alitosha mikono, yako haikuwa tena pale. Ni yake tu ilibaki, na mayi inatelemuka. Niliumia. Nilitaka kuipiga picha na telefone, nilitaka nami niguse, mara moya tu. Kisha kioo ikakauka, tukabaki sisi wawili na macho mekundu. Sasa Mama amelala. Amevaa nguo nyeusi, na telefone ameifunga.

Kesho kutwa glace inaenda Golf, mulango nimeupima tena na kamba. Salon nitaifungula, Yaya, minakuahidi, na Mama hatabaki mwenyewe mu jikoni hata siku moya.

Pumzika. Mama amekuachilia. Mi bado, lakini nitajifunza.

Mudogo yako,
Mado