Msaidizi Wangu Amemgeuza Mama Salu Kuwa Salum

Mpendwa Shangazi Benedikta, nakuandikia nikiwa na mkono mzito, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo mwenzangu anaweza kufukuzwa kazi kwa kosa langu.

Mimi ni mtu wa kompyuta katika chama kimoja cha wakulima wa pamba hapa Bariadi, na sisemi kwa kujisifu lakini ofisi nzima hakuna anayenizidi, wenzangu wanabofya vipicha kwa kipanya na mimi naandika kwenye ile skrini nyeusi isiyo na kipicha hata kimoja, amri zote kwa vidole, mpaka katibu wetu Mzee Ngeleja akipita na wageni huwasimamisha nyuma yangu waone. Mwezi wa kumi nikasoma kwamba mtu anaweza kuunganisha akili mnemba na kihariri, yaani programu ya kuandikia, kwenye skrini hiyohiyo nyeusi, ukaiagiza kwa maneno ya kawaida nayo ikaandika ndani ya faili, nikahangaika siku tatu na namba ya siri ya kuunganishia, wanayoiita ufunguo, siku ya tatu ukakubali, nikafurahi kama baba aliyeletewa ng'ombe arobaini wa mahari. Kila ilipotaka kubadilisha mstari ilikuwa inaniuliza kama nakubali au nakataa, nikaona inanichelewesha, nikaipa ruhusa ya kubadilisha bila kuniuliza. Siku hiyo nilifungua orodha ya wakulima wa kugawiwa mbegu, majina elfu moja na zaidi ambayo Domitila, karani wetu, aliyachapa kwa wiki mbili kutoka kwenye vitambulisho vyao, nikaiambia irekebishe makosa yote ya tahajia, ikajibu imemaliza, nikaenda kunywa chai.

Shangazi, ilirekebisha wakulima. Kabula akawa Kabla, Limi akawa Ulimi, Ngassa akapungukiwa s moja, na Mama Salu, mjane wa Nkololo, akawa Salum. Orodha ikatoka hivyohivyo, na siku ya kugawa mbegu mgawaji akamwambia mama huyo kwamba jina lililopo ni la mwanamume, akamlete mumewe. Akajibu, "Mume wangu nilimzika mwaka juzi. Nimlete kutoka wapi?" Akarudi kwake mikono mitupu, yeye na wenzake kama sitini, na mvua za kupandia zilikuwa zimeshaanza.

Mzee Ngeleja akaita kikao akauliza nani alichapa majina. Domitila akasema ni yeye, na aliyachapa sawasawa. Mzee akanigeukia mimi kama mtaalamu, nami nikasema, "Ni makosa ya kuchapa, Mzee, hutokea mtu akichoka."  Domitila amesimamishwa kazi, na Ijumaa kamati inaamua. Faili ya zamani ninayo, yenye majina yake yote sahihi, na hakuna anayejua. Hata hiyo akili mnemba nimeiuliza nifanye nini, ikaniambia nikaseme ukweli, nikaifunga. Sasa naomba ushauri wa binadamu: siku nyingine niiagize vipi isiguse majina ya watu, na je, hili la Domitila haliwezi kupoa lenyewe?

Mtaalamu mwenye mawazo, Bariadi

*

Mtaalamu,

Hongera kwa skrini nyeusi. Siku tatu za kuunganisha ulizipata, ila dakika kumi za kusoma kilichoandikwa zilikosekana, chai ingepoa. Hicho kiswali cha kukubali au kukataa kilichokuchosha ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya. Wala usiisingizie mashine. Haikukulia Nkololo, haijui kwamba Kabula ni mtu. Wewe unajua, na pengine una shangazi anayeitwa hivyo.

Umeniuliza namna ya kuiagiza mashine isikosee. Mashine ilikosea majina sitini, ikapewa swali moja la maana ikajibu vizuri. Wewe uliulizwa swali moja na Mzee Ngeleja.

Kwa kuwa gazeti hili hutoka Jumamosi na wewe uliweka namba yako ya simu, sikusubiri. Jumatano nilikupigia nikakuuliza faili ya zamani iko wapi. Ukaanza kunieleza habari za ufunguo.

"Sijauliza inafanyaje kazi," nikakwambia. "Nimeuliza iko wapi."

"Iko hapa, Shangazi."

Nikakwambia uzichapishe orodha zote mbili, uziweke mezani kwa katibu kabla ofisi haijafungwa. Ukaniuliza kama unaweza kumtumia kwa barua pepe. Nikakata simu.

Jana Alhamisi ukanipigia wewe, sauti chini. Umesema Mzee Ngeleja alizilaza kurasa sambamba, akafuata mistari kwa kidole mpaka kwa Mama Salu, kisha akauliza, "Siku ile kikaoni ulikuwa unalijua hili?" Ukajibu ndiyo. Hakukufokea, na hapo ndipo ulipolia. Nakuelewa. Kusifiwa mbele ya wageni ni kitu kitamu, na kukiachia kunauma. Domitila amerudi kwenye meza yake, orodha yake imechapishwa upya, na kamati ya leo Ijumaa ipo palepale. Limebadilika jina la mtuhumiwa tu, na safari hii wameliandika sawasawa.

Gazeti litakukuta umechelewa, kwa hiyo haya nakutumia kwenye simu asubuhi hii: uende. Usiende na maelezo marefu. Domitila umwombe radhi ndani ya kikao, mbele ya walewale uliomchafua mbele yao, si kumnong'oneza kwenye korido ukiwa umeshika soda ya kumpa. Kama hataki kukusamehe, ni haki yake, usimsumbue. Ile ruhusa uliyoipa akili mnemba uifute leo, usome kila badiliko kabla hujalikubali, na majina ya watu uyaache kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao.

Halafu mbegu za Mama Salu uzipeleke wewe mwenyewe Nkololo. Umsalimie kwa Kisukuma, umwite Mayu, yaani mama, ukae utakapoonyeshwa, na usianze na habari za kompyuta. Akikuuliza kwa nini pamba ya jirani imeota na yake bado, mjibu kwamba ni wewe, kisha unyamaze mpaka amalize kusema.

Akishamaliza, muulize jembe liko wapi.

Shangazi Benedikta