Tyubu ya Lori kwenye Bomba la Mvuke

Mjukuu wangu Keji,

Hapa Juba tu wazima. Bibi yako amemaliza kuezeka nyumba ya mtaa wa Hai Mauna. Umeuliza kama gasketi ya mpira itafaa bomba la mvuke kiwandani kwenu.

Usithubutu. Ujanani fundi mkuu aliniambia, "Kata tyubu ya lori, wacha maswali!" Nikakata. Tukajaribu kwa maji baridi, halikuvuja hata tone, akanipongeza. Kisha ukaja mvuke wa digrii mia na themanini. Mpira ule hauvumilii hata mia na ishirini. Lawama akanibebesha mimi, na bado inaniuma.

Weka gasketi ya grafaiti, hiyo huvumilia joto. Uliza joto la bomba kabla ya kuuliza stoo kuna nini.

Rafiki yangu Lado ndiye aliyesimama karibu na bomba lile. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Salamu za nyuma ya karatasi hii ni zake.

Babu yako