Kamera Juu ya Kabati la Vyombo

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 14, saa tisa alasiri.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu tele kutoka kwa dada yako. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na masomo, na yule mdogo ameshaota meno ya mbele? Na kifua chako, kile cha kila msimu wa baridi, kinakuachia usingizi? Usinijibu "niko poa" kama ulivyozoea. Nijibu kama mtu.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Shemeji yako yuko njiani na lori lake, anarudi kila baada ya wiki mbili, anakula, anakoroma, anaondoka. Mimi bado niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na shuka za wagonjwa hazina mwisho. Mama anakula vizuri na presha yake imetulia. Hayo ndiyo ya kutia moyo, nimeyatanguliza makusudi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ipo. Ya kwenye simu unayasoma ukitembea, kisha unanirudishia picha ya kidole gumba. Nikikupigia uko zamuni, ukinipigia niko kwenye mashine. Na kuta za nyumba hii unazijua, mtu akipiga chafya chumbani, jikoni wanamwitikia. Mama amejilaza kidogo, nami nimejifungia jikoni na karatasi. Nakuomba usome ukiwa umekaa.

Unakumbuka mwezi wa tatu Mama alipoteleza bafuni akavunjika mkono. Kuna kitu sikukwambia. Alikaa sakafuni tangu saa nne asubuhi mpaka niliporudi saa kumi, wala hakuita mtu, eti hakutaka kuwasumbua majirani. Tangu siku ile nakunja shuka lakini roho iko nyumbani. Nilitafuta mtu wa kushinda naye, Mama akakataa katakata. Alisema amelea watoto watano, yeye hataki kulelewa.

Basi nikanunua kamera. Usifikirie zile za benki. Hiki ni kidude cha bei nafuu, cheupe, ukubwa wa limau, kina shingo inayogeuka, na kitabu chake cha maelezo kina maandishi madogo kama sisimizi. Nikamwita Fundi Nyaya, yule wa umeme wa mtaa wa pili, siku ambayo Mama alikwenda kliniki na jirani yetu mshonaji. Fundi akahangaika nayo saa nzima ikikataa kushika intaneti, mwisho akainamia chini ya rafu akaining'iniza kichwa chini miguu juu. Siku mbili nzima nilimwona Mama kwenye simu akitembea darini. Nikaing'oa mwenyewe, nikaiweka juu ya kabati la vyombo, ikitazama sebule na mlango wa mbele. Waya nikauficha nyuma ya pazia.

Siku ile ile aliporudi kutoka kliniki, Mama alikuwa ameuliza hicho ni nini. Nikamwambia ni kifaa cha kuongeza nguvu ya intaneti. Nilijua nikisema kweli atakifunika kwa sufuria. Aliamini, masikini, na tangu hapo kila asubuhi anakifuta vumbi. Saa tatu kamili naona kitambaa cha njano kikinijia usoni.

Wiki ya kwanza nilicheka sana. Simu inatetemeka mfukoni mwa aproni: mtu ameonekana! Nafungua kwa mikono ya povu, kumbe pazia. Inatetemeka tena, kumbe mjusi. Msimamizi wetu akaniuliza mbele ya watu kama nimepata mchumba mpya.

Wiki ya pili sikucheka. Mama alimaliza kufuta vumbi, akaingia chumbani, akatoka na lile begi dogo la kahawia lenye zipu mbovu. Akapanga ndani gauni mbili, kitana, dawa zake zote na lile sweta zito la sufu ambalo hapa kwetu halina kazi. Akavaa viatu vya kutokea. Akakaa kwenye kiti kuelekea mlango, begi mapajani, akatulia. Saa nne, saa tano, saa sita. Aliinuka kula na kwenda msalani, akarudi palepale. Saa tisa na nusu akafungua begi na kurudisha kila kitu mahali pake. Nilipofika saa kumi nilimkuta jikoni anamenya vitunguu. "Umechoka mwanangu, kaa kwanza," akaniambia, kama kawaida.

Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile.

Mdogo wangu, sikulala. Nilidhani anataka kunikimbia. Nilikumbuka siku niliyomfokea juu ya chumvi mbele ya mshonaji, nikajua ndiyo hiyo, nimemvunjia heshima mama yangu na sasa anafunga safari. Mara nikadhani ni maradhi yale ya bibi, alipoanza kutusahau majina. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nangojea huo mshindo. Lakini ningemuulizaje? Nikimuuliza atataka kujua nimeonaje. Uongo wangu wa intaneti ukanifunga mdomo.

Sasa soma hili na usimwambie mtu. Nilianza kufunga geti kwa kufuli, kwa nje, na kwenda kazini na ufunguo. Nilimfungia mama yetu mzazi kama kuku.

Alhamisi, saa tano na nusu, mashine zote tatu zinazunguka, simu ikatetemeka. Nilifungua nikasikia honi ya gari huko nyumbani. Mama, ambaye siku hizi kuinuka kwake ni kwa awamu, aliruka. Akalitoa sweta akalivaa, akanyakua begi kwa mkono ule ule mbovu, akatoka. Kikabaki kiti. Kamera haioni uani. Dakika tano, dakika kumi, kiti. Ile kamera ina kipaza sauti, nikaanza kuita "Mama! Mama!" mbele ya wenzangu wote, na sauti yangu naisikia inarudi kutoka kwenye sebule tupu. Nilimpigia mshonaji, hakupokea. Nilivua aproni nikakimbia bila kuaga.

Nilimkuta getini, jua la utosi, ndani ya sufu, jasho linamtiririka, ameshika nondo kwa mikono miwili. Upande wa pili amesimama dereva wa teksi, hajui ashike lipi. Alikuwa amemleta mgeni wa nyumba ya mbele, basi. Mama anamwambia, kwa upole kabisa:

"Mwambie mwanangu asiondoke. Dada yake amejisahau akafunga, ufunguo uko kazini. Mimi niko tayari, sijachelewa."

"Mama, mimi nimeleta mgeni tu wa hapo."

"Sawa baba, lakini mwambie."

Ufunguo uliniponyoka mara mbili. Nilimwingiza ndani, nikamvua sweta, nikampa maji, nikamfuta uso. Ndipo nikamuuliza anamngoja nani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Si Kitinda? Kila Jumapili ananiambia nijiandae, anakuja kunichukua. Sasa Jumapili tano hajapiga. Mtu akinyamaza hivyo si yuko njiani? Atoke kote huko, halafu nimsimamishe mlangoni natafuta soksi?"

Nikamuuliza kwa nini basi anarudisha nguo kabla sijafika. Akasema hakutaka nione. Nisije nikadhani amenichoka.

Unajikumbuka, mdogo wangu? "Jiandae Mama, nakuja kukuchukua." Miaka miwili umekuwa ukifunga simu kwa maneno hayo, kama wengine wanavyosema usiku mwema. Na mimi nilikuwa nyuma nacheka, namwambia, "Haya Mama, umesikia, usinisahau na mimi." Kwetu sisi wawili ulikuwa utani. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, na sasa umetunga. Zamu zako nazijua, najua hukunyamaza kwa ubaya. Lakini ulinyamaza, na yeye akakuhesabia safari.

Sikulaumu peke yako, maana kufuli nililiweka mimi. Nimelitoa, na ufunguo wa geti sasa Mama ameufunga kwenye pindo la kitambaa chake. Kazini nimepewa onyo la maandishi. Nimelipokea kwa mikono miwili.

Jioni ile nilimweleza pia habari ya kamera. Nilikaa chini, nikamwambia kile si cha intaneti, kile ni jicho langu, na nilikuwa namwona. Nilijiandaa kwa maneno makali, na nilikuwa nayastahili. Mama alikitazama. Akaweka sawa kitambaa chake cha kichwani. Akauliza kitu kimoja tu: "Na yeye huko aliko, ananiona?"

Nikasema ndiyo.

Sijui kilichonisukuma. Nilikuwa nimetoka kuutubia uongo mmoja, nikaingia kwenye mwingine kabla kikombe hakijapoa. Lakini ungeuona uso wake, mdogo wangu, na wewe ungesema ndiyo.

Tangu Ijumaa hatazami tena mlango. Amegeuza kiti kuelekea kabati la vyombo. Saa nne asubuhi anakaa, amevaa vizuri, anakuhadithia. Jana nilimsikiliza kwa simu nikiwa kazini. Alikwambia mkono unamuuma kukiwa na mawingu, akakuuliza kama umekula, akanyamaza kidogo kama mtu anayepisha mwenzake aseme. Kisha akasema, "Haya," akaendelea. Niliingia stoo ya sabuni nikalia.

Kwa hiyo nyuma ya karatasi hii nimekuandikia jina la kamera na neno la siri. Fundi Nyaya ameniapia inafunguka kwenye simu mbili, hata ukiwa mwisho wa dunia. Ina kipaza sauti. Sijui kama una uwezo wa kuja, na sikushurutishi. Kama unakuja, mpe tarehe. Kama huwezi, mwambie wewe, kwa mdomo wako, polepole, naye atalia na mimi nitakuwepo. Mimi siwezi kumwambia, nilijaribu jana nikaishia kuuliza habari za mboga.

Nisalimie sana wifi na watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka mmoja mmoja. Kaka mkubwa anakusalimu, goti bado linamsumbua. Mjomba naye hajambo, anauliza kama huko mnakata nywele, aliona picha. Mshonaji anakusalimu na anasema samahani kwa simu ile. Mungu akulinde kazini na barabarani, akupe afya, na akupe hata nusu saa ya asubuhi yetu.

Mama ameamka, ameniona na kalamu. Nimemwambia nakuandikia wewe, nikamuuliza nikuwekee salamu gani kutoka kwake. Amenishangaa. "Za nini tena? Si nimeongea naye asubuhi?"

Ni mimi dada yako,
nikupendaye hata ninapokugombeza.