Kwa Nini Optatus Alikataliwa

S.L.P. 1147,
Dodoma.
18 Agosti, 2002.

Mpendwa dada Yasinta,

Shikamoo dada. Natumaini baridi ya huko Francistown, Botswana, imelegea na wagonjwa wa wodi yako wanakuacha upumzike kidogo. Mama anakutaja kila siku. Mguu wake umepungua uvimbe, anakwenda kanisani mwenyewe bila kushikwa. Mashine yangu ya kusaga hapa mtaani Kikuyu inazunguka, ingawa mwaka huu mtama ni haba na watu wanakuja na vibaba. Habari njema zinaishia hapo.

Nakuandikia kuhusu mdogo wetu Optatus. Kaa kwanza, dada.

Mwezi wa tano wakala mmoja wa ajira wa Dar es Salaam alitangaza kazi za vibarua kwenye mtambo wa kuchimba mafuta, huko baharini Angola. Mshahara wa mwezi mmoja ulikuwa sawa na mapato ya Optatus ya mwaka mzima wa kubeba magunia sokoni. Wachukuzi wenzake walimbatiza "Angola" kabla hata hajapanda basi.

Kabla ya kuajiriwa ilibidi wapimwe nguvu. Walimpandisha na kumshusha kwenye benchi kwa kufuata mlio wa mashine, kisha wakampa sanduku la kilo ishirini na tano alinyanyue. Alicheka. Gunia la lumbesa la sokoni, lile la kujazwa hadi kilemba, ni kilo mia na thelathini, zaidi ya mara tano ya sanduku lao, na anapanda nayo ubao wa lori huku anapiga mluzi. Daktari akamsikiliza kifua, akamwita mwenzake naye akasikiliza, wakasemezana Kiingereza. Wakamwambia avae shati, ataarifiwa. Kesho yake wakala akampa neno moja tu: hufai. Na yule mwenzake waliyesafiri naye, mwembamba kama bua la mtama, alipita.

Dada, nchi yetu unaijua. Siku hizi mtu akikosa kazi hatuulizi ana kasoro gani, tunauliza nani katoa chai. Na mimi ndiye niliyepayuka kuliko wote, pale mashineni mbele ya wateja, kwamba nafasi ya mdogo wangu imeuzwa. Sokoni nako wenzake wakamtania: "Angola, mafuta yamekwisha?" Ili awazibe midomo akaanza kupakia mbio mbio, lori baada ya lori, bila kukaa chini.

Mwezi wa saba nilifunga mashine nikaenda Dar kudai haki. Pale zahanati waliyopimiwa nilipiga meza, nikataja rushwa, wakanitoa nje. Msaidizi mmoja, Salwa, akanifuata hadi ngazini.

"Kaka, punguza sauti. Nafasi ya mdogo wako haikuuzwa. Moyo wake ni mbovu, mlango mmoja haufungi sawasawa. Asinyanyue kitu kizito hata kidogo. Mpeleke hospitali kubwa."

"Sasa mbona hamkumwambia mwenyewe?"

"Majibu ni ya aliyelipia kipimo. Sisi tunampelekea wakala. Na mimi hujaniona."

Nililizungusha jambo hilo kichwani safari nzima ya kurudi, dada, na hesabu yake haikubali. Mnadani mtu akimkataa mbuzi wako atakutajia kasoro yake, walau apate kupunguza bei. Hawa wamemkataa mtoto wa mama yetu, kasoro wanaijua, wakamrudisha akabebe magunia.

Nilipofika nilimweleza Optatus kila neno. Alinitazama kuanzia juu hadi chini.

"Na wewe wamekupa ngapi, kaka?"

"Nani anipe?"

"Miezi miwili unaniambia nimeonewa. Leo umeshuka kwenye basi na viatu vipya, mara nina moyo mbovu."

Viatu ni vya mtumba, dada. Nilivinunua Kariakoo kwa hela yangu.

Mkewe, Anyesi, ndiye aliyenivuta pembeni. Anasema tangu mavuno mumewe analala ameketi, ameegemea ukuta; akilala chali anahisi anazama. Hata kwenye kwaya, ile besi yake unayoijua, inakatika pumzi katikati ya ubeti. Mwenyewe anasema ni vumbi.

Basi nikafanya nilichoweza. Nilizunguka kwa wenye malori, ambao nafaka yangu nanunua kwao, nikawaomba wasimpe mzigo. Walinikubalia. Nikamwambia aje asimamie mizani yangu, nitamlipa vizuri. Akasema mizani ni kazi ya wazee. Sasa mtaa mzima unasema nina wivu na mdogo wangu. Mama ananiambia nimemkata mwanawe mikono. Optatus anapita mbele ya mashine hanisalimii. Na kila Jumatatu anaondoka alfajiri kwenda Ihumwa, kupakua saruji kwenye mabehewa kwa watu wasiotujua, hadi Jumamosi.

Wewe hajawahi kukubishia. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo, magoti yakimvimba kwa homa, sisi tukisema anakua. Na wewe ni nesi. Utamweleza kwa maneno ambayo mimi sina. Nilipiga simu wodini kwako mara mbili, wakasema wahudumu hawaitwi kazini. Ukiipata barua hii, piga simu ya parokia siku ya Jumapili baada ya misa ya kwanza. Optatus anakuwepo.

Usihangaike kunitetea. Kama kumwambia kwamba kaka yake ni mwongo ndiko kutamfanya akusikilize, mwambie mimi ni mwongo, nimehongwa, nina wivu, lolote atakalo. Ila Jumatatu itakayofuata simu yako asiende Ihumwa.

Mama na Anyesi wanakusalimu sana. Nisalimie shemeji Raphael na umbusu Evelina, mwambie ana zabibu zake hapa akija. Mungu azibariki zamu zako za usiku, akurudishe nyumbani utukute wote.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Batholomeo